Mtaalamu, ukialikwa redioni beba chupa na chumvi

Mwenzangu mmoja, mtafiti wa hifadhi ya nafaka, alialikwa kwenye kipindi cha asubuhi cha redio jamii azungumzie sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka. Alijiandaa usiku kucha. Alipopewa nafasi alianza na jina la kuvu kwa Kilatini, akaja kwenye kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki, mikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi, kisha akaeleza vipimo vya maabara. Dakika 12 zikakatika. Simu ya kwanza iliyoingia studio ilikuwa ya mama mmoja: "Shikamoo daktari. Nimekusikia, ila mahindi yangu yako hapa uani. Niyaingize ndani au niendelee kuyaanika?" Muda ulikuwa umekwisha. Mtangazaji akaweka wimbo.

Swali la yule mama ndilo lililopaswa kuwa kipindi chenyewe. Tangu siku hiyo kazi yangu katika taasisi imekuwa kukaa na watafiti kabla hawajaenda hewani, na kila mmoja namuuliza jambo moja: msikilizaji akizima redio, atafanya nini jioni hii ambacho jana hakukifanya? Asiyeweza kujibu bado hajawa tayari, hata kama ana shahada tatu.

Mwenzangu alirudi studio baadaye akiwa na chupa mbili za soda zilizokauka vizuri, mahindi na chumvi kavu. Akatia mahindi kwenye kila chupa, akaongeza chumvi kidogo, akatikisa mbele ya maiki na kusimulia anachokiona. Katika chupa ya kwanza chumvi ilirudi chini, ukuta wa chupa ukabaki safi. Katika ya pili iliganda kwenye kioo. "Hayo ya pili bado yana maji," alisema, "yarudi kwenye turubai." Hakutaja asilimia ya unyevu, ingawa anaijua: mahindi ya kuhifadhi yasizidi 13.5. Safari hii waliopiga simu waliuliza kama chupa ya plastiki inafaa na kama chumvi ya mawe itafanya kazi. Mtu anayeuliza hivyo tayari ameshasimama kwenda jikoni.

Hapo ndipo mtego ulipo. Mtangazaji, kwa nia njema kabisa, alimalizia: "Kwa hiyo yakishakauka ni salama?" Mdomo unawasha kusema ndiyo, maana muda unakimbia na ndiyo ni tamu. Mwenzangu alisema hapana. Chumvi inapima maji, haipimi sumu. Mahindi yaliyoota kuvu shambani yanaweza kukauka yakabaki na sumu yake, na kupika hakuiondoi. Chambua punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, uzitupe. Kukoboa kunapunguza sumu, hakuimalizi. Jibu hilo lilichukua nusu dakika, na kwangu ndilo lililokuwa na thamani kuliko yote, kwa sababu mtu akiamini jibu lako la nusu akaumia, hatakusikiliza tena, wala hatamsikiliza bwana shamba atakayekuja baada yako.

Ukiulizwa usilolijua, sema hulijui na utaje siku utakayoleta jibu. Kisha ulilete kweli.

Takwimu nazo zina namna ya kusemwa. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu na 125 wakafariki. Aliye na jembe mkononi au anayeendesha bodaboda hawezi kuzishika namba hizo kwa sikio. Mwambie: katika kila wagonjwa watano, wawili walizikwa. Mengi ya mahindi hayo yalilimwa na familia zenyewe na kuhifadhiwa nyumbani yakiwa na unyevu. Ninaposikia mtaalamu akisema hana muda wa redio, namba hizo ndizo zinazonijia.

Waandishi wa vitabu wana mtihani wao. Mara nyingi mtangazaji hajakisoma kitabu, na si haki kumlaumu ikiwa umempa jana. Mpelekee wiki moja kabla, ukurasa unaotaka usomwe ukiwa umewekewa alama. Uwe wa dakika mbili, wenye watu wanaozungumza, na uusome kwa sauti nyumbani mpaka ujue pumzi inakatika wapi. Kama unaandika kwa Kiingereza, njoo nao ukiwa kwa Kiswahili. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipotunukiwa Nobeli ya Fasihi Oktoba 2021, hapakuwa na riwaya yake hata moja ya Kiswahili ya kumsomea msikilizaji. Tafsiri ya kwanza ilitoka 2022. Jina lake lilitajwa redioni, sentensi zake hazikusikika katika lugha aliyokulia. Hilo bado linaniuma.

Kabla ya kukubali mwaliko, uliza kama kipindi ni mubashara au kinarekodiwa, na nani mwingine ataketi nawe. Mwandishi wa gazeti halazimiki kukuonyesha habari yake kabla haijatoka, lakini ukimwomba akusomee tena namba na jina la dawa au mbegu uliyoitaja, wengi hukubali kwa moyo mmoja. Kosa likichapishwa, piga simu siku hiyohiyo, ukiwa na sentensi sahihi umeshaiandika, tayari kumsomea.