Je, wajua kwa nini rubani aliye ndani ya wingu hatakiwi kuuamini mwili wake?

Ukisimama Birere, mtaa wa mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, asubuhi ya msimu wa mvua na kutazama kaskazini, mara nyingi Nyiragongo hauonekani, ingawa ni mlima wa mita 3,470. Rubani anayeingia katika wingu kama lile hupotewa na zaidi ya mlima: mstari ambapo nchi na mbingu hukutana nao hutoweka, na baada ya muda mfupi huenda asijue kama bawa lake la kushoto liko juu au chini. Wengi wetu hudhani kwamba angehisi tu, kwa kuwa mtu hata akiwa gizani hujua anapoinama. Hatahisi, na sababu imo ndani ya sikio.

Katika kila sikio mna mifereji mitatu midogo iliyopinda nusu duara, iliyojaa umajimaji, na umajimaji huo unaposogea hupinda vinyweleo vyembamba sana. Kichwa kikianza kuzunguka, mfereji huenda nacho lakini umajimaji huchelewa, kama chai inavyobaki nyuma kikombe kinapozungushwa ghafla, na ubongo hupata habari kwamba tunageuka. Mzunguko ukiendelea kwa kasi ileile, baada ya sekunde 10 hadi 20 hivi umajimaji huwa umeufikia mfereji, vinyweleo hurudi wima, na ubongo huarifiwa kwamba mwendo umekoma, ilhali haujakoma. Tena mzunguko wa polepole mno, usiofika nyuzi 2 hivi kwa sekunde, huenda usihisiwe kabisa tangu mwanzo.

Nililijaribu jambo hili kwa kinyozi wangu, siku saluni ilipokuwa tupu. Nilifumba macho, nikamwomba akizungushe kiti taratibu bila kubadili kasi. Baada ya kitambo nikamwambia asichoke, aendelee. Akacheka: «Papa, sijasimama hata kidogo.» Aliposimamisha kiti kweli, nilihisi bila shaka yoyote kwamba ninazungushwa upande wa pili, nikashika sana mikono ya kiti. Marubani hufundishwa kwa kiti cha namna hiyohiyo, chenye jina la Róbert Bárány, daktari wa Vienna aliyepewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914 kwa utafiti wake kuhusu viungo hivi vya sikio.

Kwenye saluni kosa hilo ni kichekesho, lakini angani huua. Ndege huanza kulala upande mmoja polepole, rubani asihisi kitu. Pua ya ndege huinama, na mshale wa kimo huanza kushuka. Yeye, akiamini kwamba mabawa yako sawa, huvuta usukani ili apande, na kwa kuwa ndege imelala, kuvuta huko hukaza mzunguko badala ya kuinua ndege. Hata akiinyoosha, sikio humwambia kwamba sasa amelalia upande wa pili, naye huirudisha palepale ilipokuwa. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwajaribu marubani 20 wasiofunzwa kuruka kwa vyombo, yaani kwa kusoma vipimo vilivyo mbele ya rubani bila kutazama nje, wakiwaondolea mandhari ya nje: wote 20 walishindwa kuidhibiti ndege, baada ya wastani wa sekunde 178.

Dawa yake ilikwisha kuonyeshwa zamani. Tarehe 24 Septemba 1929, karibu na New York, Jimmy Doolittle aliruka na kutua akiwa amefunikwa asione nje, huku rubani wa akiba akiwa kiti cha mbele. Mbele yake palikuwa na upeo bandia, yaani kioo kidogo chenye mstari unaoshikiliwa na jairoskopu, gurudumu ambalo likizunguka kwa kasi hukataa kubadili mwelekeo wake hata ndege ikilala.

Kusoma vyombo hivyo si kazi ngumu. Mwanafunzi huvizoea mapema. Kazi ni kuvitii wakati mwili mzima unapiga kelele kwamba vinadanganya. Hata hivyo hakuna chombo kinachoaminiwa peke yake, kwa maana nacho huharibika: jicho hutoka kwenye upeo bandia, likapima mwendo, likarudi, likapima kimo, likarudi. Kwa Goma kimo hicho kinadai uangalifu wa ziada, kwa kuwa hupimwa kutoka usawa wa bahari. Magurudumu yakiwa bado chini uwanjani, mshale husoma kiasi cha futi 5,000, na anayejiona salama kwa futi 8,000 bado yuko zaidi ya futi 3,000 chini ya kilele cha Nyiragongo.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni hili. Mwalimu humwambia mwanafunzi afumbe macho na kuinamisha kichwa, kisha huipinda ndege huku na huku mpaka sikio la mwanafunzi limevurugika. «Fumbua, inyooshe.» Mwanafunzi angeapa kwamba anapanda akigeukia kulia, kioo kinaonyesha anashuka akigeukia kushoto. Mkono wake hupunguza nguvu ya injini kwanza, kisha hunyoosha mabawa, na hapo ndipo huinua pua, kwa sababu akianza na pua atakuwa anaukaza mzunguko uleule uliowashinda 19 kati ya wale 20.