Je, wajua mbona mapacha huzaliwa wadogo, na maziwa ya mama yanawatosha vipi?

Ukikaa kwa benchi ya kliniki yoyote hapa Nairobi siku ya kupima watoto, mama wa mapacha akiingia lazima mtu amuulize, "na hao wote wawili unawanyonyesha? Maziwa yanatosha kweli?" Kabla hajajibu, mwingine ashamwambia aanzishie mmoja maziwa ya kopo, ama ya ng'ombe. Watu husema hivyo kwa kumuonea huruma tu, lakini jibu la hilo swali silo lile wengi wanadhani.

Tuanze na udogo wao. Mtoto akiwa peke yake tumboni huzaliwa wiki ya 39 ama 40 hivi, lakini zaidi ya nusu ya mapacha hufika kabla wiki 37 hazijaisha, na wakiwa watatu mara nyingi ni wiki ya 32 ama 33. Halafu kuna kondo la nyuma, ndilo linapitisha chakula kutoka kwa damu ya mama. Hadi kama wiki ya 28 mapacha hukua karibu sawa na mtoto wa peke yake, baada ya hapo mwendo unapungua juu mahitaji yao yanazidi kile kinachopita. Ndio maana pacha wengi huzaliwa na kilo 2.3 ama 2.5 hivi, na wale watatu huwa chini ya kilo mbili. Wale wa kufanana kabisa wengi hushea kondo moja, na wakati mwingine mgawo hauwi sawa, unapata mmoja ana kilo 2.6 na mwenzake 1.9. Hapo hakuna kosa la mama, si kwamba alikula vibaya ama alibeba kitu kizito, na hii naomba isemwe kwa sauti kwa zile familia mama analaumiwa.

Sasa maziwa. Titi halijui umezaa wangapi, linachojua ni maziwa yametolewa kiasi gani. Likiachwa limejaa linapunguza kutengeneza, likinyonywa ama kukamuliwa mara nyingi linaongeza, na usiku ndio prolaktini, ile homoni inayoambia titi litengeneze maziwa, iko juu zaidi. Kuna watafiti wa Australia walipima hii kitu wakachapisha 1986, wakapata mama wa mapacha wa miezi 6 wakitoa kati ya kilo 0.84 na kilo 2.16 za maziwa kwa siku, na mama mmoja wa watoto watatu alifika kilo 3 kwa siku watoto wakiwa na miezi miwili na nusu. Kwa hivyo ukimwanzishia mmoja kopo mapema bila sababu ya daktari, titi litahesabu mtoto mmoja, na hapo ndio maziwa yataanza kupungua kweli.

Ugumu wenyewe uko kwa mtoto aliyewahi sana. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja ni kazi ambayo wengi huiweza kuanzia kama wiki ya 34 ya mimba, kwa hivyo aliyezaliwa wiki ya 31 analishwa kwa mpira mwembamba unaopitia puani hadi tumboni, halafu baadaye kwa kikombe kidogo. Hapo kwa kikombe uangalie vile nesi anafanya: mtoto amekalishwa nusu wima, kikombe kinagusa tu mdomo wa chini, maziwa yanafika ukingoni na mtoto mwenyewe anayavuta kwa ulimi, hamwagiwi. Mama asipopata ya kutosha siku za kwanza, hospitali ya uzazi ya Pumwani hapa Nairobi kuna benki ya maziwa ya mama tangu 2019, ya kwanza Kenya, wanaochangia hupimwa na maziwa yao hupashwa moto kwa kiwango maalum cha kuua viini kabla hayajapewa mtoto.

Wakishaweza kunyonya, weka mto mapajani, kila mmoja umshike chini ya kwapa, miguu ielekee mgongoni mwako na kichwa kikae kwa kiganja. Wakinyonya pamoja, yule mwenye nguvu anafanya maziwa yashuke pande zote mbili, na yule mdhaifu anapata bila kuhangaika sana. Kesho wabadilishe titi. Na huyo mama ale, anahitaji kama kalori 500 za ziada kwa siku kwa kila mtoto, si kikombe kimoja cha uji halafu arudi kufua nepi, mtu mwingine afue.

Kwa ukuaji, usimlinganishe na mtoto wa jirani. Aliyezaliwa miezi miwili mapema, akiwa na miezi 6 utamtarajia afanye mambo ya mtoto wa miezi 4, na hesabu hiyo huendelea hadi miaka miwili. Chanjo lakini hufuata tarehe ya kuzaliwa, hazingoji. Uliza pia dawa ya madini ya chuma, juu akiba ya chuma mtoto huiweka zaidi miezi mitatu ya mwisho tumboni na hawa waliikosa. Kila pacha awe na kitabu chake cha kliniki na mstari wake wa uzito, na kama wa mmoja umelala ama nepi zinazolowa zimepungua chini ya sita kwa siku, mpeleke siku hiyo hiyo hata kama mwenzake ananawiri.