Mwajiri akilalamika kwamba hapati watu wenye ujuzi, anamaanisha nini?

Kazi yangu ni kuchunguza mahitaji ya ajira katika maeneo ambayo uchumi wake umedorora: viwanda vimefungwa, mgodi umekauka, au zao lililokuwa likilisha kila mtu limeporomoka bei. Kila ninakokwenda nakuta vijana wanalalamika kwamba kazi hakuna, na waajiri wanalalamika kwamba watu hakuna. Tangazo la nafasi moja huleta maombi lukuki, na bado nafasi ile inakaa wazi.

Taasisi nyingi hukabili hali hii kwa dodoso. Mwajiri anaulizwa anahitaji ujuzi gani, naye anaweka alama kwenye mawasiliano, uaminifu, kufanya kazi kwa ushirikiano na kompyuta. Orodha hiyo ukiipeleka kwa benki, kwa hospitali au kwa karakana ya kuchomelea mageti, wote wataikubali. Kwa hiyo haina maana. Ikishatoka ripoti yenye orodha hiyo, chuo kinafungua kozi ya kompyuta ya miezi mitatu, na baada ya mwaka mmoja malalamiko ni yale yale.

Mimi niliacha kuuliza kuhusu ujuzi. Nauliza nafasi gani imekaa wazi muda mrefu kuliko zote. Nauliza nani akiugua kazi inasimama. Halafu nauliza kuhusu mtu wa mwisho aliyeondoka kabla ya kumaliza miezi mitatu: aliondokaje?

Jibu la maswali mawili ya kwanza mara nyingi ni mtu mmoja, yaani fundi wa matengenezo. Huyu ndiye anayeitwa mashine ikigoma usiku. Anasoma mchoro wa umeme, anashika mita na kupima, anatambua kama hitilafu iko kwenye mota, kwenye beringi au kwenye kifaa cha kielektroniki kinachoongoza mashine, kisha anaandika alichokuta ili fundi wa zamu inayofuata asianze upya. Kiwanda kikubwa kinaweza kuajiri fundi umeme, fundi mitambo na mtaalamu wa mifumo inayoendeshwa kwa shinikizo la mafuta au hewa, kila mmoja na lake. Lakini katika eneo lililodorora waajiri waliobaki wengi ni wadogo, na mshahara wa kulipa fundi ni mmoja. Wanamtaka mtu anayejua yote matatu kwa kiasi. Vyuo vya ufundi navyo vimezoea kufundisha umeme kozi yake na mitambo kozi yake, kila upande na cheti chake.

Uhaba huo una historia. Tarehe 19 Septemba 1977, kampuni ya Youngstown Sheet and Tube ilitangaza kufunga sehemu kubwa ya kiwanda chake cha chuma karibu na mji wa Youngstown, Ohio, Marekani, na watu wapatao 5,000 wakapoteza kazi. Habari za namna hii huhesabu ajira. Kinachosahaulika ni kwamba kiwanda kikubwa ndicho kilichokuwa shule ya ufundi ya eneo zima. Kikifungwa, mafundi hodari ndio wa kwanza kuhama kwa sababu wanatakiwa kila mahali. Wanaobaki wanazeeka. Kampuni ndogo, kwa kuwa oda zimepungua, zinaacha kuchukua wanagenzi, yaani vijana wanaojifunza ufundi wakiwa kazini, na miaka kadhaa baadaye zinashangaa kwamba hakuna fundi wa umri wa kati.

Baada ya fundi anakuja mtu ambaye hata cheo chake hakieleweki vizuri. Ndiye msimamizi wa zamu, au mtunza ghala, au yule dada wa ofisini anayejua mzigo gani umetoka na upi umebaki. Hesabu anazozihitaji ni za kawaida: asilimia, vipimo, kugeuza kilo kuwa tani, kugundua kwamba jumla iliyoandikwa haiwezekani. Kompyuta anayoihitaji ni lahajedwali (jedwali la hesabu kama Excel), tena aweze kuijenga mwenyewe na kuona ilipokosewa. Cheti cha kozi ya kompyuta kinachothibitisha kwamba mtu anajua kuchapa barua hakimsaidii mwajiri huyu hata kidogo.

Swali la tatu ndilo linalochukua muda mrefu, kwa sababu mwajiri hujibu kwa neno moja, nidhamu. Hapo ndipo naomba tufumue. Alichelewa? Zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi, na basi la kwanza linapita saa ngapi? Aliacha kuja wiki ya tatu? Mshahara wa kwanza unalipwa mwisho wa mwezi, nauli ya wiki tatu aliitoa wapi? Mama mwenye mtoto mchanga anamwacha na nani? Baada ya kufumua hivyo, sehemu kubwa ya nidhamu inageuka kuwa usafiri, nauli na malezi, na hakuna semina ya kujitambua itakayoleta basi la alfajiri. Wakati mwingine, niseme ukweli, tatizo ni bosi. Sehemu ambayo wafanyakazi wanaondoka mfululizo chini ya msimamizi yule yule, anayehitaji mafunzo ni msimamizi.

Hata hivyo inabaki stadi ya kweli ndani ya malalamiko hayo. Ni kusema “sijaelewa” mapema badala ya kuitikia ndiyo na kuharibu mzigo. Kutoa taarifa ya kosa kabla halijafika kwa mteja. Kupokea maelekezo kutoka kwa mtu aliye mdogo kwako kiumri. Haya hayafundishiki ubaoni. Mtu anayajifunza kazini, mbele ya mtu anayemrekebisha siku hiyo hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo waajiri hawapendi nikiligusa. Watu wasio na kazi wakiwa wengi, masharti ya tangazo hupanda yenyewe. Watafiti wa Marekani walichambua matangazo ya kazi kabla na baada ya mdororo ulioanza mwisho wa 2007, wakaona kwamba ukosefu wa ajira ulipoongezeka, waajiri walidai shahada na uzoefu zaidi kwa kazi zile zile. Hali ilipopata nafuu, masharti yakalegea. Kazi zenyewe hazikuwa ngumu zaidi. Shahada ilitumika tu kupunguza rundo la bahasha mezani. Kwa hiyo nikiona tangazo la mtunza stoo linalodai shahada, silihesabu kama pengo la ujuzi.

Mwajiri mdogo hana ofisi ya rasilimali watu. Hawezi kumpima mgeni, basi anaajiri anayemjua, na kijana asiye na ndugu kazini anabaki nje hata kama anaiweza kazi. Afrika Kusini watafiti waliwapima watafuta kazi stadi mbalimbali na kuwapa vyeti vya matokeo wavionyeshe kwa waajiri; ajira na kipato chao vikapanda. Huko huko, barua ya mwajiri wa zamani iliyoambatishwa kwenye maombi iliongeza nafasi ya mwombaji kuitwa. Addis Ababa vijana wa kundi moja walilipiwa nauli ya kutafutia kazi, wa kundi jingine wakapewa semina fupi ya kuandaa wasifu na usaili pamoja na vyeti vya stadi zao. Manufaa ya nauli yalikuwa ya muda mfupi. Waliopata semina walikuwa bado na kipato kikubwa zaidi miaka minne baadaye. Hawakufundishwa ufundi wowote mpya. Walisaidiwa kuonyesha walichokuwa nacho.

Na walichonacho watu mara nyingi hakionekani hata kwao wenyewe. Mjini Pikeville, Kentucky, Marekani, biashara ya makaa ya mawe ilipoanguka, kampuni ya Bit Source ilitangaza kuwafundisha wachimbaji waliopoteza kazi kuandika programu za kompyuta. Walioomba walizidi 900. Waliochukuliwa walikuwa kama 10. Waandishi waliipenda hadithi hiyo, na kweli ilithibitisha kwamba mtu aliyezoea kufikiri chini ya ardhi kwa nini mashine imekwama anaweza kutafuta hitilafu kwenye programu. Mimi naiangalia hesabu. Mamia waliobaki walihitaji kazi zilizopo tayari katika eneo lao.

Ndiyo maana mfano ninaoutumia zaidi hauna mvuto wa habari. Levi Strauss ilifunga kiwanda chake cha nguo San Antonio, Texas, mwaka 1990. Jumuiya za wakazi hazikukimbilia kufungua kozi. Zilikwenda kwa waajiri kuuliza nafasi zipi zipo na zinalipa nini, na mwaka 1992 ukaanza mpango uitwao Project QUEST, ambao wengi wa watu uliowasomesha walikwenda kwenye uuguzi na kazi nyingine za afya. Ulilipia masomo, ukatoa washauri, ukawakutanisha wanafunzi kila wiki. Baadaye uliwekwa kwenye utafiti wa kulinganisha makundi yaliyogawanywa kwa bahati nasibu, na waliopitia mpango walikuwa bado wakipata zaidi ya wenzao miaka 9 baadaye. Programu chache za mafunzo duniani zina matokeo ya kudumu hivyo.

Wajerumani wana njia kali zaidi: katika uanagenzi wao mkataba na mwajiri unatangulia, shule inafuata. Binafsi naiona ndiyo kinga bora dhidi ya kozi hewa, ingawa inahitaji waajiri walio tayari kulipa mwanagenzi kwa miaka miwili mitatu, na katika eneo lililodorora hao ni wachache. Ninachofanya pale ambapo mfumo huo haupo ni kuwaomba waajiri, kabla fedha yoyote ya mafunzo haijatolewa, waandike kwenye karatasi idadi ya nafasi, mshahara wa kuanzia, saa ya zamu, na jina la msimamizi atakayempokea mhitimu. Wengine huandika papo hapo. Wengine huanza kueleza kwamba soko halitabiriki. Kwa hao, kozi haianzishwi.