Kiasi cha bunduki ya babu

Katika kazi yangu salamu hutanguliwa na leseni. Mzee aliiweka mezani, nikaisoma, kijana wake akafungua kasha la ngozi, nikalinganisha namba na ile iliyochorwa kwenye chuma. Baada ya hapo ndipo tukaamkuana kama watu.

Ndani ya kasha mlikuwa na bunduki ya Kiingereza ya mitutu miwili iliyolala ubavu kwa ubavu, kaliba .470, urithi wa marehemu babake aliyekuwa na shamba huko Laikipia. Uwindaji ulipopigwa marufuku Kenya mwaka 1977 iliingia kabatini, na tangu hapo hutoka mara moja moja kwenda kutoboa karatasi.

"Fundi," akasema, "zamani mitutu hii ilikuwa inapiga pamoja. Unafunika matundu yote mawili kwa kiganja. Sasa wa kushoto unakwenda Nakuru, wa kulia unakwenda Nyeri."

Nikamuuliza anaipiga kwa risasi gani. Kijana akatoa mkebe wa zamani wa majani chai. Ndani mlikuwa na risasi kumi na nane zilizojazwa kwa mkono na rafiki ya rafiki, bila hata kipande cha karatasi cha kueleza ni baruti gani wala kiasi gani. Nimeona mitutu iliyoliwa na kutu hadi ukitazama ndani unadhani unatazama bomba la maji la Eastlands, na sikushtuka. Mkebe usio na maandishi hunitoa jasho.

Neno hilo, kiasi, lina historia yake katika bunduki. Iliyowashwa kwa utambi iliitwa bunduki ya mrao. Ya jiwe ikawa gumegume. Kisha ikaja ya fataki. Zote hizo zilishindiliwa kwa mdeki, ile fimbo ya kushindilia, kupitia mdomoni, na baruti aliikadiria mpigaji mwenyewe. Ilipofika ile inayofunguka nyuma na kulishwa ganda lililokwisha kupimwa, Waswahili wakaiita bunduki ya viasi. Kiasi kikawa kipimo na papo hapo kikawa risasi nzima. Siku hizi tunasema "risasi" tu, neno ambalo kwa asili ni jina la madini yale mazito ya kijivu. Mimi karakanani bado nasema kiasi, vijana wananicheka, na wakishafanya kazi miezi sita nao wanasema kiasi.

Wamarekani walifanya jambo lile lile kwa namba. Risasi yao ya .45-70 ya mwaka 1873 ina kipenyo cha sehemu 45 za mia ya inchi, na hiyo 70 ni greini za baruti nyeusi. .44-40 vivyo hivyo. Greini ni kipimo kidogo mno: ratili moja ina greini 7,000. Jina la risasi lilikuwa maelekezo ya kuijaza.

Waingereza hawakukiweka kiasi kwenye jina, wakakipiga mhuri kwenye bunduki. Nilimfungulia mzee bunduki yake, nikatoa mitutu, nikaigeuza chali chini ya taa. Kwenye sehemu bapa, karibu na mihuri ya ukaguzi, pameandikwa kwa herufi ndogo kama mchanga: cordite 75-500 max. Yaani greini 75 za baruti aina ya cordite, nyuma ya kichwa cha risasi cha greini 500, usizidishe. Mzee alivaa miwani, akasoma, akaniangalia. Bunduki ameikuta nyumbani tangu utoto na hajawahi kuona maandishi hayo.

Sasa nieleze kwa nini Nakuru na Nyeri.

Watu wengi hudhani mitutu miwili ya bunduki kama hii imelala sambamba kama reli ya SGR. Haiko hivyo. Mafundi wa Uingereza waliielekeza midomo ya mitutu ikaribiane kidogo, wakaweka kabari nyembamba katikati, wakaenda kupiga, wakarudi kuyeyusha lehemu na kusogeza kabari, wakapiga tena, hadi mitutu yote miwili ikakubaliana. Sababu ni teke. Mtutu wa kulia hauko katikati ya bega, uko pembeni, kwa hiyo ukifyatua, bunduki hupanda juu na kuyumba kulia. Mwendo huo huanza kichwa cha risasi kikiwa bado ndani ya mtutu. Wa kushoto nao huyumba kushoto. Fundi aliyeielekeza alifidia myumbo huo, na myumbo hutegemea muda ambao risasi inakaa ndani. Risasi hii ikitoka kwa mwendo wake uliokusudiwa, karibu futi 2,150 kwa sekunde, yaani mita 655, hesabu inafungana. Ikitoka polepole, bunduki inapata nafasi ya kuyumba zaidi kabla kichwa hakijaondoka: wa kulia unapiga kulia, wa kushoto kushoto. Ikitoka kasi kupita kiasi, mambo yanageuka, mitutu inapishana kama mkasi.

Karatasi ya shabaha ambayo mzee alikuja nayo ilikuwa imeshasema yote. Kulia kumepiga kulia, kushoto kushoto. Hata kabla sijagusa mkebe nilijua mule ndani baruti ni pungufu. Nikavua vichwa vya risasi tano kwa nyundo maalumu, nikamwaga baruti kwenye mizani moja moja. Nyepesi na nzito zilitofautiana kwa greini nne. Mtu aliyejaza alikuwa na mkono mzuri wa kung'arisha maganda. Yanameta kama sufuria za bibi harusi.

Greini 75 za cordite hazimaanishi greini 75 za baruti yoyote. Cordite ilibuniwa Uingereza mwaka 1889, ya mwanzo ikiwa na nitrogliserini asilimia 58, na ilikaa ndani ya ganda kama fungu la tambi mbichi. Kila baruti ya leo ina ukali wake, na kuinakili namba ya cordite kwenda kwenye baruti nyingine ni kama kupika wali kwa kipimo cha ugali, ila sufuria hii iko sentimita chache kutoka kwenye jicho lako. Kinachonakiliwa ni mwendo. Unachukua jedwali la kiwanda cha baruti, unaanzia chini, unapanda kidogo kidogo huku kipima mwendo kikiwa mbele ya mdomo wa bunduki, na unaacha pale mitutu inapokubaliana, hata kama jedwali linakuruhusu kuendelea.

Kuna na suala la joto. Cordite ikipata jua kali husukuma kwa nguvu zaidi, ndiyo maana viwanda vya Uingereza vilitengeneza risasi za nchi za joto zenye baruti iliyopunguzwa. Bunduki iliyoelekezwa kwa risasi hizo ukiilisha za kawaida itabishana nawe. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, asubuhi ya Julai unapiga ukiwa na sweta. Peleka kasha lile lile Voi, uliache kwenye gari saa nane mchana, halafu useme bunduki imebadilika.

Ganda la .470 ni pana kuliko inavyohitaji baruti ya kisasa, hivyo nafasi hubaki na baruti hulala chini kama maji kwenye chupa. Ili ishike vizuri na ibaki karibu na praima, kile kiwashio kidogo cha kwenye kitako cha ganda, wajazaji wengine huweka kitu chepesi juu yake. Zamani walitumia sufi, hii hii ya mito ya kulalia.

Nimejifunza haya kwa fundi mmoja Kalasinga, tukimwita Babaji, aliyekuwa mtu wa maneno machache na chai nyingi. Somo lake la kwanza lilikuwa .303, bunduki ya askari wa King's African Rifles na ya kila mtu aliyekuja baada yao. Hiyo ilizaliwa mwaka 1888 ikila baruti nyeusi, ikahamia cordite miaka michache baadaye, na joto la cordite likaila michirizi ya ndani ya mtutu hadi wakabuni michirizi mipya mwaka 1895. Chemba yake, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi, ilichimbwa kwa ukarimu ili tope la vitani lisiikwamishe. Ukarimu huo unalipwa na ganda. Ukifyatua, mbele ya ganda hunata kwenye ukuta wa chemba, nyuma hurudi kugonga komeo, kile chuma kinachofunga chemba, na shaba inavutika katikati. Ukilijaza tena na kulibana lote lirudi umbo la kiwandani, unalivuta upya kila mara, hadi siku linakatika.

Ili kujua, Babaji alikuwa na waya mwembamba aliounoa ncha na kuikunja kama ndoana. Unauingiza ndani ya ganda tupu hadi chini, unaugandamiza ukutani, unauvuta juu taratibu. Ukuta mzima unateleza. Penye ubovu, karibu upana wa kidole kutoka kwenye kitako, ncha inanasa kidogo, tik, kama ukucha kwenye ufa wa kikombe. Kwa nje huoni chochote, au unaona mstari mweupe mwembamba.

Nilikuwa kijana, nilisikia hiyo tik na nikajiambia ni uchafu. Uwanjani nilifyatua, nikavuta komeo, likaja na kitako cha ganda peke yake. Sehemu iliyobaki ilikuwa imekaa ndani ya chemba, na asubuhi yangu ikaishia hapo. Babaji hakunigombeza. Aliporudi karakanani alinikabidhi waya na debe la maganda mia tatu.

Tangu hapo maganda ya .303 yangu hubanwa shingo tu, mwili wa ganda nauacha ulivyotoka chembani, na maganda ya bunduki moja hayaendi kwa nyingine hata kama kaliba ni ile ile.

Bastola za nyundo, zile za sinema za kauboi, Nairobi ni adimu. Nyingi zinazopita mikononi mwangu ni za .38 za kujilinda. Lakini mwaka jana ililetwa moja ya mtindo wa Colt wa 1873, kaliba .45, na nilifurahi kama mtoto. Unavuta nyundo nusu, unafungua mlango mdogo wa kulia, unaingiza risasi moja moja. Silinda ina matundu sita na unajaza matano: weka moja, ruka tundu, weka nne, vuta nyundo hadi mwisho, ishushe taratibu. Ikitua, imetua juu ya tundu tupu. Katika muundo huo wa zamani ncha ya nyundo hukaa moja kwa moja juu ya praima, na bastola ikikuponyoka ikaangukia nyundo, risasi ya sita inaweza kuondoka bila kukuuliza. Kiwanda cha Ruger kiliweka kifaa cha ndani cha usalama kwenye bastola zake mwaka 1973. Za mtindo wa kale hazinacho.

Ganda la .45 lilipimwa kwa greini 40 za baruti nyeusi, na baruti nyeusi haitaki pengo lolote kati yake na kichwa. Baruti ya kisasa ni kinyume chake. Kiasi kidogo tu kinatosha, kinajaza sehemu ndogo ya ganda, na ukipitiwa ukatia mara mbili, ganda linapokea bila malalamiko. Silinda ndiyo italalamika, nayo ina kuta nyembamba. Kwa hiyo nachagua baruti yenye wingi, ambayo ukitia mara mbili itamwagika, na kabla sijaweka vichwa napanga maganda yote kwenye kibao na kumulika ndani kwa tochi, safu kwa safu. Simu ikiita, naiacha iite. Nikipotea hesabu, namwaga yote.

Wanaoniandikia kuuliza baruti inapatikana wapi mjini, jibu langu halibadiliki: haiuzwi kama misumari pale Gikomba, na leseni ya bunduki si ruhusa ya kujifungulia kiwanda jikoni. Kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115. Anzia kwenye bodi ya leseni, uende na maswali yako yakiwa yameandikwa.

Tukirudi kwa mzee, zile kumi na tatu zilizobaki mkebeni sikuzipiga. Nilizivua zote. Tuliagiza za kiwandani kwa muuzaji mwenye kibali, zikachukua miezi, na tulipozipata nilimwomba anipe nne za kupimia. Tulikwenda uwanjani upande wa Athi mapema, upepo haujaamka. Kipima mwendo kikasoma futi 2,140 kwenye ya kwanza, 2,155 kwenye ya pili. Nikapiga kulia, kushoto, nikangoja mitutu ipoe hadi niweze kuishika, kwa sababu mitutu yenye moto nayo hudanganya, nikapiga tena kulia, kushoto. Bega likanikumbusha umri wangu.

Mzee hakungoja niweke bunduki chini. Mara tu bendera ya kuonyesha uwanja ni salama ilipopandishwa alitembea hadi kwenye karatasi, mita hamsini, kwa mwendo wa mtu mwenye magoti mabovu, akaweka kiganja juu ya matundu. Tundu moja lilichungulia pembeni ya kidole gumba. Akakigeuza kiganja kidogo, likafunikwa.