Je, wajua kwa nini mpira wa kriketi husuguliwa kwenye suruali?

Kwa miaka mingi, kila nilipomwona mchezaji wa kriketi akisugua mpira pajani hadi suruali nyeupe ikaingia wekundu, niliamini anaiba mchana kweupe. Kumbe ni halali: upande mmoja hung'arishwa na mwingine huachwa uchakae, ili mpira ukirushwa upinde hewani. Sheria inamruhusu kuung'arisha kwa nguo na jasho lake, bila kitu cha pembeni. Hata mate yaliruhusiwa, mpaka korona ilipoingia 2020. Sheria za 2022 zikayafuta kabisa, na ujanja wa kumung'unya peremende ili mate yawe na sukari ukafa nayo. Haramu ni kuukwaruza: mwamuzi akijiridhisha, timu inayopiga hupewa mikimbio (alama) 5 ya bure.

Kosa langu la pili lilikuwa baya zaidi. Nilidhani upande unaong'aa "unateleza" hewani na kuutangulia ule uliochakaa, utadhani mpira una nusu mbili zinazoshindana mbio. Anayeupindisha mpira ni hewa.

Fikiria mkokoteni unaopandishwa mlima. Hewa ya upande laini ni kama msukumaji aliye peke yake: msuguano unamchosha, anaachia mapema. Upande wa pili, mshono ulioinuka na ngozi iliyochakaa huivuruga hewa, na vurugu hiyo huleta wasukumaji wapya kila hatua. Mkokoteni unafika mbali. Yaani hewa huung'ang'ania mpira hadi karibu na mgongo wake, kisha hutupwa kuelekea upande laini. Mpira nao husukumwa kinyume, kuelekea uliochakaa, kama ngalawa inavyokwenda kinyume na maji yanayosukumwa na kasia.

Hayo ni kwa kasi ya kawaida. Ukirushwa kwa takriban kilomita 140 kwa saa, hewa huvurugika pande zote na mpira mkuukuu waweza kupinda upande usiotarajiwa. Warushaji huapa kwamba mawingu nayo husaidia, ila majaribio hayajawaunga mkono sawasawa.

Tamaa ya kuuchakaza upande mmoja ndiyo iliyoleta kashfa: Machi 2018, Cape Town, kamera zilimnasa Cameron Bancroft wa Australia akificha kitu cha njano ndani ya suruali. Kwanza ilisemwa ni utepe wa kunata. Baadaye ikabainika ni msasa. Nahodha Steve Smith na msaidizi wake David Warner walifungiwa miezi 12, Bancroft 9. Mpira wenyewe waamuzi waliukagua palepale, wakaona hauna haja ya kubadilishwa, wakaurudisha mchezoni.