Ushuru wa forodha haulipwi na Mchina

Jana tena. Mteja ana kontena la vitambaa kutoka Guangzhou, kashika karatasi yenye namba ya malipo, ananiuliza: "Kaka, si Mchina ndiye anayelipa hii?" Mimi ni wakala wa forodha hapa bandari ya Dar es Salaam na swali hili limenichosha. Hapana! Mchina keshapata hela yake zamani. Jina lililo kwenye TANSAD, ile fomu ya kutangaza mzigo forodhani, ni lako.

Tuhesabu. Chukua bidhaa inayotozwa ushuru wa 25%, CIF (bei ya mzigo pamoja na bima na usafiri) shilingi milioni 10. Ushuru ni milioni 2.5. VAT ya 18% haipigwi kwenye ile milioni 10, inapigwa kwenye 12.5, yaani ushuru wenyewe nao unakatwa kodi. Hiyo ni 2,250,000 nyingine. Jumla 4,750,000, achilia mbali tozo nyingine na gharama za bandari. Mteja wangu atazirudishia wapi kama si kwa mnunuzi?

Wanaosema ushuru unalinda wazalishaji siwabishii. Mchele wa nje ushuru wake ni 75%, na naamini mkulima wa Kyela na Mbarali anapata nafuu. Kinachoniudhi ni watu kuusifu au kuulaani wote kwa jumla. Mwaka 2005 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza na madaraja matatu: malighafi 0%, bidhaa za kati 10%, bidhaa kamili 25%. Julai 2022 likaongezwa la 35%, na bidhaa za pamba na nguo zimo. Sasa niambie, kitambaa ni bidhaa kamili? Kwa mwenye kiwanda cha kufuma, ndiyo. Kwa fundi cherehani ni malighafi, na bila hiyo hana kazi. Ushuru uleule unaomnusuru mmoja unambana mwenzake, na wote wawili ni wazalishaji wetu.

Tazama Rwanda. Mwaka 2016 ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo, ili watu washone na kuvaa vya kwao. Kwa sababu ya ushuru huo, Julai 2018 Marekani ikazisimamishia nguo za Rwanda msamaha wa ushuru wa AGOA, sheria yake ya kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru. Je, Rwanda ilikosea? Mimi nasita kusema hivyo. Hata kiwanda kilindwe miaka mingapi ndipo kiachwe kisimame chenyewe, sijapata jibu la kuniridhisha.

Mteja wangu alilipa alasiri. Kontena lilipokuwa linatoka getini alikuwa bado na kikokotoo mkononi, anatafuta mita aiuze bei gani Kariakoo.