Je, wajua kwa nini watu kumi huandika programu moja bila kufutiana kazi?

Kila mmoja yuko kwenye kompyuta yake, wote wanaigusa programu ileile, na jioni kazi ya kila mtu imo. Inawezekanaje?

Siri iko kwenye matawi. Katika Git, mfumo wa kutunza historia ya mabadiliko ambao Linus Torvalds alianza kuuandika Aprili 2005 kwa ajili ya kiini cha mfumo endeshi wa Linux, tawi ni mkondo wa kazi unaoendelea kando bila kugusa kazi ya wengine. Si nakala ya mradi mzima kama wengi wanavyodhani. Kwa kawaida ni faili ndogo ya baiti 41: herufi na tarakimu 40 zinazotambulisha badiliko la mwisho, pamoja na alama ya kumalizia mstari. Kulifungua ni kufumba na kufumbua, kwa hiyo usilifanyie ubahili. Kila kazi ipewe tawi lake, lenye jina linaloitaja kazi hiyo, na likishaunganishwa lifutwe.

Wakati wa kuunganisha, Git hutazama matoleo matatu: lako, la mwenzako, na lile la mwisho mlilokuwa nalo pamoja. Tuseme mstari wa asili ulisema subiri sekunde 30. Wewe umeandika 60, mwenzako hakuugusa: 60 inaingia moja kwa moja. Mwenzako naye akiwa ameandika 10, Git husimama, huweka mistari yote miwili ndani ya faili, huitenga kwa alama ya =======, kisha hukuachia uamuzi. Tawi lililokaa wiki tatu peke yake hurundika migongano ya namna hii.

Sasa utaamuaje? Faili inaonyesha 30 imekuwa 60, lakini haisemi kwa nini. Hiyo ndiyo kazi ya ujumbe wa badiliko, maelezo mafupi unayoyaandika unapolihifadhi, na hapo ndipo wengi wetu tunapozembea. "Nimerekebisha" haimsaidii mtu. Andika hivi: "Ongeza muda wa kusubiri hadi sekunde 60, faili kubwa zilikuwa zinakatika kabla ya kufika." Mwenzako akisoma hayo, anajua papo hapo kwamba 10 yake itarudisha tatizo.

Badiliko lenyewe nalo liwe dogo. Hitilafu ikizuka, amri ya git bisect huigawa historia nusu kwa nusu kulisaka badiliko lililoileta, hivyo mabadiliko 1,000 huchujwa kwa majaribio kama 10 tu. Ikitua kwenye badiliko la mistari mitano, kosa unaliona. Ikitua kwenye mistari 2,000, msako unaanza upya.

Daftari la mabadiliko linaloambatana na toleo jipya ni jambo jingine, maana msomaji wake ni mtumiaji. Usimmwagie jumbe zenu zote za ndani. Katika mfano wetu, mstari mmoja unamtosha: faili kubwa sasa zinafika bila kukatika.